Njuga za Kaya ya 417

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumegawiwa kaya. Kila mdodosaji amepata kaya ishirini, kishikwambi kimoja, koti la mvua la njano na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Nurudin, msimamizi wetu, ametusomea kanuni za kazi moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili chake cha mjini kisicho na doa. Maneno ya mhojiwa yaandikwe kama alivyoyasema. Ukikuta jina la ndugu kwenye orodha yako, sema mapema ubadilishiwe.

Kwenye orodha yangu ipo kaya ya 417, upande wa ziwani kutoka Kisesa. Mlezi: Luhende Shimba, miaka 66. Mtoto: Ng'washi, miaka sita. Uhusiano: mjukuu.

Luhende Shimba ni baba yangu. Sijamwona kwa miaka kumi na saba.

Nurudin akauliza kama kuna mwenye ndugu kwenye orodha yake. Wenzangu wakatikisa vichwa. Na mimi nikatikisa.

4 Machi

Mvua tangu asubuhi. Hakuna aliyekwenda kokote.

6 Machi

Daftari hili halina msimamizi, kwa hiyo humu nitasema yote.

Mradi unawafundisha walezi wa kaya maskini namna ya kulea bila fimbo. Masomo kumi na mawili, kila Jumatano, kwenye banda la kanisa. Kabla ya masomo walipita wadodosaji wengine wakauliza: unampiga mtoto? Mara ngapi? Kwa kitu gani? Majibu yale yanaitwa takwimu za awali. Sasa tunapita sisi, mara tatu katika msimu huu wa mvua, tukiuliza yale yale ili ionekane kama kuna kilichobadilika. Mwezi wa sita kutakuwa na sherehe. Wageni watakuja, na walezi waliobadilika kuliko wenzao watapandishwa jukwaani wapigiwe makofi.

Takwimu za awali za Mzee Luhende nimezisoma. Mwaka jana alikiri kwamba humchapa mjukuu wake karibu kila siku. Wao wameanza kumhesabu hapo. Takwimu zangu za awali ninazo kwenye mkono wa kulia, kiwiko kilichounga vibaya. Mkono haunyooki.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi Misungwi. Mzee alikuwa mchezaji wa ngoma, akiitwa kila mashindano ya mavuno, na njuga zake zilitundikwa ukutani. Haziguswi. Siku moja nikazishusha, nikazifunga miguuni nikacheza uani, mdogo wangu wa kike, Kashindye, akinipigia makofi. Mzee alinikuta. Alinipiga kwa njuga zile zile. Kesho yake mama alinipeleka hospitali akawaambia nimeanguka mperani.

Mama alikufa. Kashindye naye amekufa miaka mitatu iliyopita, akamwacha Ng'washi. Mazikoni sikwenda kwa sababu Mzee angekuwepo, na mtoto sikumchukua. Siku hizi Mzee anaishi huku Kisesa ambako hakuna anayenijua, na kazini natumia jina la mume wangu. Dorcas Elias. Nani atajua?

Anayepiga husahau. Nimekuja kumkumbusha.

Jumanne, 11 Machi

Ziara ya kwanza. Aliyenipeleka ni Queen, mwezeshaji wa kikundi cha walezi, binti mchangamfu ambaye njia nzima hakufunga mdomo.

"Dada Dorcas, huyu mzee utampenda. Ndiye tunayemtegemea mwezi wa sita. Zamani alikuwa mkali, usiombe. Sasa hivi ukimwona na yule mtoto unaweza ukalia."

"Nitalia kweli," nikamwambia.

Tulimkuta uani anamwosha mtoto miguu kwenye karai. Amekonda na kupungua urefu. Alitazama kwanza mkono wangu, halafu uso. Maji yakamwagika kidogo.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Karibu, mwalimu."

Mwalimu! Basi akaamua kutonijua, kwa hofu au kwa aibu. Mimi nikampokelea uongo wake nikakaa.

Dodoso lina maswali arobaini na mawili. Katika siku saba zilizopita, umempiga mtoto? Hapana. Umemfokea? Mara moja, alikimbilia ziwani peke yake. Umemwambia neno la kumtia moyo? Ndiyo. Neno gani? Akafikiri.

"Nilimwambia ana akili kuliko mimi."

Queen akanikonyeza. Nikaandika. Maswali arobaini na mawili, na hakuna hata moja linalouliza habari za watoto waliokwisha kukua.

14 Machi

Kaya nne. Matope mpaka magotini.

20 Machi

Nurudin ametuonyesha michoro ya matokeo ya mwanzo. Kaya ya 417 ndiyo iliyoshuka kuliko zote kwenye kipigo. "Hii ndiyo maana ya kazi yetu," akasema, na wenzangu wakaguna kwa kuridhika. Nikatoka nje kwenda kutema mate.

28 Machi

Mvua. Kiwiko kinauma kikianza tu kunusa mvua. Nacho kina takwimu zake.

Jumanne, 8 Aprili

Ziara ya pili ina uangalizi: mdodosaji anakaa pembeni nusu saa, hasemi kitu, anamtazama mlezi akiwa na mtoto. Queen alikuwa na kazi kaya ya jirani. Tulibaki watatu.

Mwanzoni Mzee hakujua afanye nini. Alikaa kwenye kigoda anakuna goti. Ng'washi ndiye aliyeingia ndani, akatoka amekumbatia njuga.

Njuga zile zile. Nilizitambua kwa ukanda wa ngozi ulioshonwa kwa uzi mwekundu, mshono wa mama. Nikasubiri. Nakiri humu kwamba nilisubiri ampige. Nilitamani ampige, mbele yangu, kishikwambi kikiwa mkononi.

Akamwita, "Njoo, ng'wana wane." Akapiga magoti kwenye matope, akamfunga njuga mguu mmoja, halafu wa pili, akamwuliza kama zinambana. Kisha akainuka, na goti lake bovu, akaanza kumchezea. Alicheza polepole ili hatua zionekane. Mtoto akafuata, njuga zikalia ovyo, mtoto akajikwaa, na wote wawili wakacheka.

Nina miaka thelathini na nne. Leo ndiyo mara ya kwanza kusikia baba yangu akicheka na mtoto.

Hakuna aliyenieleza kwamba itauma kuliko kipigo. Kipigo nilikizoea, nilijua kwamba baba alizaliwa hivyo, kama watu wengine wanavyozaliwa vipofu, na mtu hawezi kumdai kipofu macho. Kumbe alikuwa nayo. Alikuwa nayo siku zote, akatunyima mimi na Kashindye, na leo anayagawa bure kwa sababu watu wa mradi wamemfundisha Jumatano kumi na mbili.

Nilifika swali la mwisho, lile linalojibiwa kwa maneno ya mhojiwa mwenyewe. Ni kitu gani unafanya kumfurahisha mtoto?

Akajibu akihema, kwa Kiswahili chake cha Kisukuma: "Namchezea, mwalimu. Kila siku jua likishuka, namfunga njuga, namchezea."

Kwetu kucheza ngoma ni kubina, na mtu humchezea mwenzake kama anavyompikia. Neno hilo halina ubaya wowote. Lakini kwa Kiswahili cha mjini, mtu mzima anayemchezea mtoto ni habari ya polisi. Mzee hajui hilo. Mimi ninajua.

Niliandika: Namchezea, mwalimu. Kila siku jua likishuka, namfunga, namchezea.

Niliacha neno moja. Visanduku vya uangalizi niliviacha wazi nikaweka sababu: mvua. Halafu nikatuma.

9 Aprili

Nimeamka na njaa nzuri. Nimekula vitumbua vinne.

Ijumaa, 11 Aprili

Nurudin amenipigia simu.

"Dorcas, kaya ya 417. Hili jibu ulilisikia sawasawa?"

"Umesema tuandike maneno kama yalivyo."

"Ndiyo, ndiyo. Queen ananiambia yule mzee ni mtu wa ngoma, humchezea mtoto ngoma. Wewe ulikuwepo. Palikuwa na ngoma pale?"

"Sikuona ngoma," nikasema.

Ni kweli tupu. Hapakuwa na ngoma, palikuwa na njuga.

Akashusha pumzi. Akasema kanuni ya ulinzi wa mtoto haimpi nafasi ya kuchagua, inabidi alipeleke ustawi wa jamii leo leo. Nikamwambia pole na kazi. Sauti yangu ilikuwa laini hata mimi nikaishangaa.

Jumanne, 15 Aprili

Wamekwenda kumchukua mtoto. Queen amenisimulia kwa simu huku analia: afisa ustawi wa kike, mgambo wawili, na Mzee Luhende anafunga kifurushi cha nguo za mtoto bila kuelewa, akidhani mradi unampeleka mtoto kambini, akiuliza ni kwa siku ngapi. Ng'washi amepelekwa nyumba ya kulelea watoto mjini. Mzee amehojiwa kituoni mpaka alasiri, akaambiwa arudi kwake na asitoke kijijini.

"Amewaeleza habari za njuga," Queen akasema. "Wamemwambia kila mtuhumiwa ana lake. Mwenyekiti wa kitongoji naye kasema huwa anazisikia jioni, wakamjibu kwamba mlio wa njuga hauonyeshi mkono uko wapi."

Nikamwuliza Mzee alikuwa na hali gani. Nilitaka kila kitu: alisimama wapi, mikono aliiweka wapi, alilia au hakulia. Queen akadhani ni huruma.

16 Aprili

Wahenga walisema mtenda akitendewa hujiona kaonewa. Nimeimba neno hilo siku nzima nikifua.

Ijumaa Kuu

Nimekwenda kanisani. Mchungaji kahubiri kusamehe. Nimetazama saa.

19 Aprili

Queen anasema kikundi cha ngoma kimemwambia Mzee asikanyage mazoezini. Mama mmoja amemwaga maji machafu mlangoni kwake. Watoto wameambiwa wasipite njia ile.

Nilidhani nitashiba. Bado nina nafasi.

Jumatano, 23 Aprili

Mtoto hataki kusema Kiswahili mbele ya wageni, na afisa ustawi ni mtu wa Kagera, Kisukuma hakijui. Nurudin akanipendekeza nikatafsiri. Nikaenda. Ningeweza kukataa.

Chumba kina meza, wanasesere watatu na dirisha linalotazama ziwa. Ng'washi alikaa kwenye kiti kikubwa, miguu haifiki chini. Ana masikio ya Kashindye, yale ya kusimama kando. Nilikuwa sijayaona vizuri hapo kabla. Nilipokuwa kwao nilimtazama Mzee tu.

Afisa ni mama mpole, na maswali yake aliyauliza kwa upole. "Mwulize, babu anamchezea?"

Nikauliza kwa Kisukuma. Mtoto uso ukamchangamka, akajibu kwamba ndiyo, kila siku, na babu anajua kuliko wote.

"Anasema ndiyo, kila siku."

"Mwulize, kabla ya hapo anamfanyaje?"

Mtoto akajibu, "Ananifunga miguuni."

Mwenye Kisukuma chake, aliyewahi kukaa karibu na wacheza ngoma, haulizi anamfunga nini. Nami nilikuwa na njuga mdomoni, neno dogo la silabi mbili. Nikalimeza mara ya pili.

"Anasema humfunga miguu."

Kalamu ya afisa ikasimama. Akamtazama mtoto, macho yakamlowa, akafunga daftari. Mtoto aliyaona yale macho. Akanitazama mimi, halafu afisa, halafu miguu yake mwenyewe. Taratibu akaikunja akaificha chini ya gauni.

Nimerudi nyumbani. Sijala.

24 Aprili

Hakuna la kuandika.

26 Aprili, Muungano

Wamempima hospitali, Nurudin kaniambia. Hawakuona kitu. Lakini wanasema kutoonekana kitu si ushahidi wa kutokuwepo kitu, na tafsiri yangu imo kwenye jalada. Mtoto atabaki.

Ijumaa, 2 Mei

Nimekwenda kumwona Ng'washi peke yangu. Mlezi wa zamu, Mama Gladness, ananijua kama mkalimani akaniruhusu. Anasema mtoto amerudia kukojoa kitandani na wenzake wakiimba hujibana ukutani.

Nikakaa naye barazani. Nikamsalimia kwa Kisukuma. Akaniuliza yule mama mwenye kalamu amekasirika mpaka lini. Nikamwambia hajakasirika.

"Alilia," akasema. "Alilia nilipomwambia babu ananichezea. Kucheza ni vibaya?"

Hakusubiri jibu.

"Mimi sitacheza tena," akasema. "Nikirudi nitamwambia babu azitundike."

Azitundike. Nilitoka pale bila kuaga, nikatembea mpaka ufukweni kwenye mawe, nikakaa na koti langu la njano watu wakinitazama.

Miaka ishirini na mitano iliyopita mtu alimkuta mtoto anacheza akamfanya asicheze tena maishani. Alihitaji mkono wake na njuga nzito. Mimi nimetumia neno moja, na si hata kulisema, kuliacha tu. Nimempita baba yangu kwa ufundi.

Lakini chuki yangu kwake haikupungua hata kidogo. Niliipima pale pale juu ya jiwe. Ilikuwa kamili, kiwango kile kile cha awali. Ila nimeona kwamba nilikuwa namrushia mawe mtu aliyembeba mtoto.

Jumanne, 6 Mei

Ziara ya tatu ya kaya ya 417 imefutwa kwenye ratiba. Nimekwenda hata hivyo.

Nilimkuta kwenye majaruba. Mpunga umeiva na hakuna jirani aliyekuja kumsaidia kuvuna. Alikuwa peke yake amepinda na kisu, nusu jaruba limelala kwenye maji. Aliponiona aliweka kisu chini.

"Karibu, mwalimu."

"Niite jina langu."

Akafuta mikono kwenye suruali. "Dorcas."

"Unajua nani aliandika?"

"Tulikuwa watatu siku ile," akasema. "Mtoto hajui kuandika."

Nikamwuliza kwa nini hakuwaambia polisi. Angesema tu kwamba mdodosaji ni binti yake, ana kisa naye, kesi ingeisha siku ile ile. Alivunja suke, akalisugua kiganjani, akapuliza makapi.

"Nilisema moyoni, hii ni zamu yangu. Ngoja nipigwe mpaka achoke."

Ningeweza kumrukia. Mzee huyu! Hata kisasi changu alikuwa amekipokea kwa mikono miwili kama zawadi, akakifanya chake, akakitumia kujitakasa. Mimi nikabaki na nini?

"Hukupigwa wewe," nikamwambia. "Anayepigwa ni Ng'washi."

Hapo ndipo alipokaa. Alikaa kwenye maji, mzee mzima, maji yakamfika kiunoni.

Sikumwinua. Nikatoa kishikwambi, nikafungua dodoso jipya, nikasimama juu ya tuta na kumwuliza kama ninavyowauliza wote.

"Jina la mtoto: Dorcas. Umri: miaka tisa. Je, ulimpiga?"

"Nilimpiga."

"Kwa kitu gani?"

"Njuga."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Mpaka mkono ulipolia."

Aliposema hivyo nami niliusikia tena ule mlio, kama kuni kavu.

"Mtoto alikosa nini?"

"Alikuwa anacheza." Akajishika kichwa. "Alikuwa anacheza vizuri kuliko mimi."

Nikaandika. Hilo sikuwa nalijua, na silitaki, ila kanuni ni maneno kama yalivyo.

"Baada ya kumpiga ulifanya nini?"

"Nilikwenda ngomani. Kulikuwa na mashindano."

"Ukiwa umevaa nini?"

"Hizo hizo."

"Mlishinda?"

"Tulishinda."

Akaanza kusema jambo jingine, nisamehe au neno la namna hiyo, nikamkatiza. Nikamwambia swali hilo halimo kwenye dodoso. Nikavua viatu, nikaingia jarubani, nikavuna naye mpaka mchana, mistari miwili mbalimbali, bila kusemezana. Si kwa ajili yake. Mpunga ule ni chakula cha mtoto.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekwenda ofisini kwa Nurudin nikafunga mlango. Nikamweleza yote: undugu, neno nililoliacha Aprili, neno nililolimeza mbele ya afisa, kwamba "sikuona ngoma" ilikuwa kweli ya mtu mwongo. Nikamwonyesha mkono.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unajua kaya zako zote ishirini sasa hazifai?" akasema. "Kila ulichogusa inabidi nikitupe."

"Najua."

"Na ustawi watakuita. Pengine na polisi."

"Waniite. Mtoto arudi kwanza."

Nikampa barua niliyoiandika, na ndani yake lile dodoso la majaruba. Kisha nikamwomba jambo moja. Mtoto arudi kwa babu yake, sawa, maana anamlea vizuri na mimi nimeona kwa macho yangu. Ila mwezi wa sita asipandishwe jukwaani. Asipigiwe makofi.

"Dorcas, lakini amebadilika kweli."

"Amebadilika," nikasema. "Makofi ni ya nini? Ameacha kufanya kisichofaa kufanywa."

Nurudin akafungua kompyuta. Nilimwona akitafuta mstari wa 417, ule wa kujivunia, akaufuta. Kwenye hesabu za mradi baba yangu si mbaya wala si mwema. Hayumo. Nimetoka bila kazi, na hiyo furaha ndogo nimeibeba mpaka nyumbani.

19 Mei

Nimehojiwa saa nne na ustawi, kisha kituoni. Afisa yule mpole alinitazama kama kitu kilichokanyagwa. Ana haki.

27 Mei

Mvua zimekatika.

Jumatatu, 2 Juni

Ng'washi amerudishwa. Queen kanitumia ujumbe wa mstari mmoja, bila salamu.

12 Juni

Sherehe ya mradi imefanyika. Walezi watano jukwaani, Mzee hayumo. Wanasema alikuwa nyumbani anaanika mpunga.

Jumapili, 15 Juni

Ngoma za mavuno zimeanza Kisesa. Zinasikika mpaka ziwani.

Nimekwenda kwa sababu Mzee amenipigia simu, mara ya kwanza katika maisha yetu. Alisema maneno machache: mtoto hataki kucheza, amembembeleza wiki mbili, hagusi njuga, akisikia ngoma anaingia ndani. "Mimi nikimgusa miguu anaikunja," akasema. "Sijui nifanye nini, Dorcas."

Nilijua nifanye nini. Hilo ndilo lililoniudhi.

Ng'washi alikuwa amekaa kwenye kizingiti, magoti kifuani. Mzee kwenye kigoda chake. Njuga zimetundikwa ukutani, pale pale kwa namna yake, kama Misungwi. Nikaingia nikazishusha. Sikumwomba mtu ruhusa. Nikajifunga miguuni, mwenyewe, kwa mkono mmoja mzima na mmoja mbovu, na nilipofika kwenye mshono wa mama vidole vikagoma kidogo.

Nikasimama uani nikamchezea mtoto wa Kashindye.

Sikucheza vizuri. Miaka ishirini na mitano si mchezo, na mkono wangu wa kulia ulibaki umekunjika pale wengine wanapounyoosha. Lakini miguu ilikumbuka. Ng'washi alinitazama miguu, halafu magoti, halafu mkono. Kidole gumba cha mguu wake kikaanza kugonga kizingiti.

Mzee akanyanyua mikono apige makofi.

"Shusha," nikamwambia.

Akaishusha.

"Mama mkubwa," mtoto akaniita, na sijui nani alimfundisha kuniita hivyo, "mbona mkono wako mmoja haunyooki?"

"Mwulize babu."

Akainuka pale kizingitini, akapita karibu yangu, akasimama mbele ya kigoda akamwuliza. Mzee alinitazama. Sikuacha kucheza. Nilitaka azisikie njuga wakati anamjibu.